Kiatu cha Alby na Meno ya Moss

Ukienda kwa Merle Pascoe, vua viatu vyako barazani kama ilivyo adabu, lakini usiviache hapo. Vibebe mkononi, uingie navyo ndani, uviweke juu ya friji. Sisi wa Tarrabin tumeshazoea. Mgeni asiyejua huondoka na kiatu kimoja kizima na kingine kimegeuka ndala, na Merle humwonea huruma kwa chai na skonzi za boga, lakini samahani hamwombi. "Mtoto anaota meno," atamwambia. "Wewe unamwekea ngozi ya ng'ombe puani, ulitaka afanye nini? Asome gazeti?"

Mtoto anayemsema ni mtoto wa mbwa. Huku kwetu uwandani, ng'ambo ya uzio ni kondoo, na ng'ambo ya kondoo ni uzio mwingine, na mtu asiye na mbwa ni kama mtu asiye na miguu. Mbwa wetu ni kelpi, mbwa wa kuchunga kondoo, mwembamba, masikio wima, kazi imo damuni mwake kabla hajafungua macho. Lakini ile miezi ya kuota meno humshinda mwenye subira na asiye nayo. Kijibwa hutafuna mpini wa jembe, hutafuna mkanda wa gari, hutafuna mguu wa kiti na wewe umekikalia. Ndiyo maana watu wa mashamba ya hapa humpelekea Merle vijibwa vyao wakishaacha kunyonya, na kuwafuata wakishapata meno ya utu uzima. Amekuwa akiifanya kazi hiyo tangu magoti yake yalipokuwa yanakunjika bila kulalamika.

Ana sheria zake, na hutoa somo hata kwa ambaye hakuuliza. Kitu cha kutafuna kwanza ukibonyeze kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama, mpe. Usipoacha alama, kitavunja jino, kwa hiyo kiweke kando. Kiwe kikubwa kuliko mdomo, kisipite kooni hata akikaza. Mfupa uliopikwa usimpe kabisa, maana hupasuka vipande vyenye ncha kama miiba. Kamba za nailoni za kufungia marobota ya majani zisionekane uani kwake. Aliwahi kumzika mbwa mzuri aliyemeza moja ikamfunga utumbo, na tangu hapo ukimkuta njiani amesimamisha pikapu katikati ya barabara, ujue ameona kikamba chini na anashuka kukiokota.

Na sheria kubwa kuliko zote: kijibwa asitafune kitu chochote chenye harufu ya kondoo. Si ngozi, si sufu, si soksi ya mtu aliyetoka zizini. Kinachoingia mdomoni utotoni hubaki mdomoni. Mbwa wa kazi humsogeza kondoo kwa macho, kwa mwili, kwa kubweka kidogo pale inapobidi. Akishajua utamu wa kung'ata sufu, kazi yake imekwisha, na habari zake zitafika kila shamba kabla yake.

Sasa sikilizeni yaliyompata huyu mwenye sheria.

Mumewe, Alby, alikuwa mnyoaji wa kondoo maisha yake yote. Alikufa kiangazi, mchana, akiwa amekaa barazani na kikombe mkononi, kwa utaratibu, kama alivyofanya kila jambo. Kiangazi hichohicho Jip, mbwa jike wao wa siku nyingi, akazaa kwa mara ya mwisho. Kijibwa kimoja tu kikapona, jike, mwekundu kama kutu, miguu mikubwa kuliko shughuli zake. Alby alikuwa amekwisha kuchagua jina kabla tumbo la Jip halijaonekana vizuri: akiwa jike ataitwa Moss. Ukoo huo wa mbwa ulianza na mbwa ambaye Alby mwenyewe alimlea alipokuwa kijana, na Jip alikuwa mzee mno kuendelea nao. Basi ulikuwa umebaki kwa Moss peke yake.

Merle alikuwa ameahidi kumtoa Moss kwa Tamsin Harbord, binti anayesimamia kondoo wa shamba la Gunyulka, upande wa pili wa mto. Tamsin ni mkali kwa watu na mpole kwa wanyama, na Merle hakutaka mwingine. "Yule hatamfunga mnyororo akamsahau," alisema. Wengine wote aliwalea kisha wakaenda zao. Huyu alitaka amwone akifanya kazi.

Msimu wa baridi ulipoingia, meno ya Moss yakaanza. Fizi zilivimba, mate yakamtoka, akawa analia kwa sauti nyembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta. Na Merle, ambaye alikuwa na dawa kumi, alimpa kiatu cha Alby.

Nieleze viatu hivyo. Wanyoaji wa zamani hujishonea wenyewe, kwa gunia zito la kufungia sufu, tabaka juu ya tabaka, ili wasiteleze kwenye mbao za banda la kunyolea zilizojaa mafuta. Miaka ikipita viatu hunywa mafuta hayo ya sufu mpaka vinalainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Vya Alby vilikuwa vimekaa barazani pale alipoviacha. Jioni moja Merle alikuwa amekishika kimoja mapajani, hana nia yoyote, Moss akaja akaanza kuguguna ncha yake. Akanyamaza. Usiku ule kijibwa alilala, na Merle akalala.

Jioni iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na iliyofuata. Merle anashika kisigino, Moss anatafuna ncha. Ukipita barabarani uliwaona, na sote tuliopita tuliona. Hakuna aliyesema neno. Kev Dunstable, aliyenyoa kondoo bega kwa bega na Alby na ambaye mdomo wake haujui likizo, hata yeye alikunywa chai yake akitazama upande wa pili. Ungemwambiaje mjane aweke chini kiatu cha mumewe?

Tamsin alipokuja kumwona mbwa kwa mara ya kwanza, tulikuwa wanne uani: Merle, Kev, Tamsin, na mimi nimekalia ubao wa juu wa zizi dogo. Ndani tulikuwa tumeweka majike wachache wa kondoo, wazee, watulivu, wanaojua kazi kuliko mbwa wengi. Haikuwa kumfundisha. Ilikuwa kumfungulia tu Moss geti, tuone damu inasema nini.

Damu ilisema vizuri. Alizunguka, akashusha kichwa, akawakusanya pembeni kwa hatua za paka. Merle alikuwa ameshika waya wa uzio kwa mikono miwili. Tamsin akatabasamu, na huyo hatabasamu ovyo.

Halafu Moss akasogea karibu, akanusa ubavu wa jike mmoja, na uso wake ukabadilika. Ukawa uso wa mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni. Akafungua mdomo, akajaza sufu, akaketi, akaanza kutafuna. Hakuwa na ukali wowote. Mkia ulikuwa unafagia vumbi. Yule kondoo alikimbia naye mbwa akaburutwa nyuma, macho nusu yamefumbwa kwa raha.

"Shemeji," Kev akasema, "huyo hachungi, ananyoa. Mpe mkasi."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Merle aliingia zizini, akampanua Moss taya kwa vidole, akatoka amembeba kwapani. Kwenye kona ya mdomo wa mbwa kulikuwa na kishungi cha sufu. Merle alikinusa. Kisha akageuka akatazama barazani, pale kiatu kilipokuwa, na nikaona amejua.

"Mimi," alisema polepole. "Mimi ninayewapigia watu kelele."

Tamsin alivua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi. "Shangazi, sitakuficha. Majike wangu wana mimba. Nikiingiza mbwa wa kuwavuta sufu, mimba zitaharibika. Mbwa wa hivyo siwezi."

"Najua, mwanangu."

"Nitarudi meno yakishamaliza kuota. Akiwa ameacha, ni wangu na nitashukuru. Akiwa bado, dada yangu kule mjini anatafuta mbwa wa nyumbani. Atakula vizuri, atalala ndani."

"Atachunga nini huko mjini? Mapipa ya taka?"

"Atapendwa, shangazi."

"Kupendwa hapa anapendwa," Merle akasema. "Anahitaji kazi."

Jioni ile alikipandisha kiatu juu ya kabati. Kabla ya kukipandisha alikipasua mshono wa mbele ambako kilikuwa kimetafunwa zaidi, akakuta ndani ya gunia vijino vya maziwa vya Moss, vidogo kama punje za mchele, vimenasa. Alinionyesha kwenye kiganja.

Kisha kazi ikaanza. Aliifagia nyumba nzima kuondoa harufu ya kondoo, jambo ambalo huku kwetu ni kama kuiondolea bahari chumvi. Zulia la ngozi la kando ya kitanda likaenda kwa jirani. Fulana za Alby zikafungwa sandukuni. Kev, ambaye ana koti moja lenye kola na bitana ya sufu, na ambaye hajaonekana bila koti hilo tangu watu waanze kumwona, alisimamishwa getini.

"Vua."

"Shemeji, kuna baridi."

"Litundike hapo kwenye nguzo."

"Nitapata kichomi."

"Nitakupa chai ya tangawizi. Vua, Kev."

Akavua, akaingia ndani amejikumbatia kama kuku mwenye mvua. Kuanzia siku hiyo kila akija hulitundika koti nguzoni, kisha hutembea hadi mlangoni akisimulia magonjwa atakayoyapata.

Merle akamtolea Moss kila alichokijua. Karoti nzima kutoka kwenye barafu: Moss akailamba, akaizika. Kipande cha mpira laini wa mashine ya kukamulia, alichotumiwa na binamu yake mwenye ng'ombe wa maziwa, kinapita mtihani wa ukucha kwa maksi zote: Moss akakibeba mpaka kwa Jip, akakiweka mbele ya mama yake kama anayerudisha sahani chafu. Mkia wa kangaruu uliokaushwa juani, ambao mbwa wengine wangeuza mama zao kuupata: akauguguna kidogo kwa heshima, akauacha. Kisha akaenda kukaa chini ya kabati, shingo juu, akipatazama pale kilipofichwa kile alichokitaka. Usiku alilia tena ile sauti ya bawaba. Merle akaanza kuwa na macho mekundu, na asubuhi moja akaweka chumvi kwenye chai ya Kev.

Siku nyingine nilimkuta amelitandika shati kwenye meza ya jikoni. Lilikuwa shati la pamba la Alby, la buluu, la dansi. Halikuwahi kukanyaga bandani. Alilivaa Jumamosi kwenye ukumbi wa Tarrabin na kulirudisha kabatini lingali na harufu ya sabuni. Merle alikuwa na mkasi mkononi na hakuwa amekata.

"Pamba," alisema bila kuinua macho. "Uzi wake ukimezwa kidogo unapita. Haina sufu hata chembe."

"Unaweza kutumia shuka," nikasema.

"Naweza."

Akakata mkono wa kwanza begani, kisha wa pili. Kiwiliwili akakikunja na kukirudisha kabatini. Alivitoa vifungo kwenye ncha za mikono na kuvitia kwenye kopo la peremende, na hapo akasimama ghafla. Ncha moja ilikosa kifungo. Alimwita Moss, akampanua mdomo, akatazama chini ya ulimi, akambonyeza tumbo, akatambaa sakafuni kwa yale magoti yake. Nikatambaa naye. Tulikuwa chini ya meza wakati alipoketi akaanza kucheka.

"Kilidondoka ukumbini," alisema. "Mwaka ule wa mafuriko. Alikanyaga gauni langu, mimi nikamshika mkono nisianguke. Tulikitafuta chini ya viti mpaka wapiga muziki wakafungasha." Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Basi. Nivute nisimame."

Mikono ile aliichana vipande virefu, akavisuka kama nywele, msuko mmoja mnene kama kifundo cha mkono, akaupiga fundo kila mwisho. Aliuchovya kwenye mchuzi wa kuku usio na chumvi wala kitunguu, kisha akautundika kwenye waya wa uzio. Huku kwetu wakati huo wa mwaka huna haja ya friji. Umande wa usiku huganda wenyewe. Asubuhi msuko ulikuwa mgumu kama fimbo, unametameta kwa barafu, na ukiubonyeza kwa ukucha alama inabaki.

Akampa Moss. Moss akaunusa, akaupokea kwa mdomo, akautua sakafuni, akaenda chini ya kabati.

Merle aliketi kwenye kiti chake. Kev alikuwa pale, amejifunga blanketi la kitandani kwa sababu ya lile koti lake, na nadhani baridi ndiyo iliyomfanya aseme kweli.

"Unampa na kuondoka, shemeji."

"Ulitaka nimwimbie?"

"Kile kiatu hukumpa. Ulikuwa umekishika." Kev akatazama kikombe chake. "Tulikuwa tunawaona. Wewe upande wako, yeye wake. Huyo mtoto hajawahi kutafuna peke yake, hajui inafanywaje."

Nilidhani Merle atamfukuza. Badala yake akauokota msuko, akatoka nao barazani, akaketi pale alipokuwa akiketi jioni, akashika fundo moja kwa mkono na la pili akaliachia lining'inie. Hakumwita.

Moss alitoka. Akatazama ule msuko, akatazama mkono. Akalala juu ya miguu ya Merle, akatia fundo mdomoni, akaanza. Baridi ilipomfikia kwenye fizi alifumba macho na kuvuta pumzi ndefu, kama mzee anayetia miguu kwenye maji ya moto.

"Mnafiki wewe," Merle alimwambia, na kumkuna sikio.

Wiki zilizofuata zilikwenda hivyo. Msuko ukikatika nyuzi, aliukagua, akapunguza zilizolegea, akausuka upya. Taratibu akawa anashika kwa vidole viwili, kisha kwa kidole kimoja, kisha anaweka mkono karibu tu, mpaka siku moja Moss akauchukua msuko mwenyewe, akaenda kutafuna kivulini, na Merle akabaki barazani mikono mitupu asijue aiweke wapi. Akamlilia Kev kwamba mbwa amekua. Kev akamwambia ashone. Kiatu kilibaki juu ya kabati, na Moss akaacha kukitazama.

Majani mapya yalipoanza kutokeza, Tamsin alirudi. Merle alimpanua Moss mdomo amwonyeshe: meno meupe, makubwa, yamejaa yote. "Haya," Tamsin akasema, na tukatembea hadi zizini bila maneno mengi. Mimi nilipanda ubao wangu. Merle alikuwa amevaa aproni, na mkono mmoja ulikuwa umezama mfukoni hadi kwenye kifundo.

Kondoo walikuwa walewale wazee. Moss alizunguka, akashusha kichwa, akawakusanya. Yule jike aliyevutwa sufu mara ya kwanza alimkumbuka. Akageuka, akapiga kwato chini, akamkabili. Moss akaendelea kusogea. Akafika karibu, pua ikagusa sufu ya shingo. Mdomo ukafunguka.

Merle angeweza kumwita. Nilimwona akivuta pumzi ya kuita, kisha akaishikilia ndani, maana Tamsin hatakuwa na Merle pembeni ya kila zizi.

Moss alibaki hivyo, mdomo wazi, anafikiri. Kisha akapiga chafya. Akaufunga mdomo, akapita nyuma ya yule jike kwa hatua za paka, akamtazama kwa jicho moja tu la upande, na jike akageuka akaenda alikotakiwa kwenda, na wenzake wakamfuata kama maji yanayoingia mferejini.

Tamsin akafungua geti, kondoo wakatoka kwa mstari. "Shangazi," alisema, "huyu ni mbwa."

Kwetu huku sifa haipandi juu ya hapo.

Moss alikuja mbio kwa Merle, akatia pua kwenye mfuko wa aproni. Merle akautoa ule msuko, uliofifia rangi, wenye alama za meno kila mahali. Mbwa akaubeba hadi kwenye pikapu ya Tamsin, akaruka nyuma, akalala nao katikati ya miguu ya mbele.

"Hicho nacho kinakuja?" Tamsin akauliza.

"Kwa usiku wa kwanza. Ukiona nyuzi zimelegea, zikate. Ukiisha, usimtafutie mwingine, meno yake sasa ni ya kazi." Merle akajifuta mikono kwenye aproni. "Na siku za mwanzo, kaa naye kidogo akitafuna. Si lazima uongee."

"Lilikuwa shati la mzee?"

"Mikono tu. Mikono imlee mbwa. Kiwiliwili ninacho mimi."

Pikapu ilipovuka daraja la mto bado tulikuwa tumesimama. Jip alikuja akaegemea mguu wa Merle. Merle alimwambia Kev sasa anaweza kuingia na koti lake ndani ya nyumba, na awashe jiko, na asiguse skonzi kabla ya watu wengine.

Kev alikwenda getini. Siku hizo jua lilikuwa limepata nguvu kidogo, na kwa uvivu alikuwa ameacha kulirudisha koti kwake; lilikaa nguzoni usiku na mchana. Alilitoa, akaligeuza, akalitazama nyuma na mbele. Kola ilikuwa na upara. Juu ya waya, ndege mmoja mdogo mweusi, mwenye mkia wa kupepea, alikuwa amesimama, mdomo umejaa sufu ya kola, anangoja tuondoke akamalizie kiota chake.

"Shemeji," Kev aliita kutoka kule, "njoo na kipande cha shati. Kuna mwingine huku."